Nyumba ya Maksai Mmoja

Mwaka ule tulikula michembe mpaka ikatutoka puani. Asubuhi viazi vikavu, jioni maji ya viazi vikavu. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na anayesema alikula ugali kila siku mwaka ule, ama ni mwongo ama alikuwa na duka.

Mimi nilikuwa na wajukuu nane na nyumba yenye magurudumu. Ilikuwa mkokoteni wa ng'ombe, nimeuzungushia mabati makuukuu na kuufunika turubai. Kijijini Litapunga, walikoniita Mayu, yaani mama, walinicheka: "Mayu, hiyo nyumba au banda la kuku?" Nikawaambia banda la kuku halitembei. Nyumba za udongo nilishajenga tatu, na zote nikaambiwa nimejenga hifadhini, nibomoe. Nikasema ya nne itaondoka na mimi kabla hawajafika.

Ndani ilikuwa hatua tatu. Watoto sita walilala humo wakipishana vichwa na miguu kama samaki wa migebuka kwenye tenga. Mimi na wawili wakubwa tulilala chini ya mkokoteni, na mkojo wa wadogo ulitudondokea kupitia mbao. Mama wa wanne, binti yangu, alifia uzazini. Baba wa wanne wengine, mwanangu, alikwenda machimboni akanyamaza. Niliwalea wote, na hakuna aliyewahi kwenda kuomba kwa jirani.

Kisha nikafanya kosa. Tulisikia Mwese wanatafuta watu wa kuvuna maharage, nikafunga maksai wangu wawili tukaondoka. Njia inapita pori la ndorobo. Sisi wafugaji hapo tunaning'iniza makopo ya mavi makavu ya ng'ombe yanayofuka moshi, kwa sababu wale inzi wanaoua ng'ombe hawapendi moshi. Watoto wakalia njaa. Nikasimama, nikamwaga moto wa makopo yote mawili chini ya sufuria, nikachemsha michembe. Makopo yakabaki matupu. Nikasema kimebaki kipande kidogo tu cha pori. Kipande kidogo! Ndorobo walimfunika maksai mweusi mpaka akaonekana wa kijivu.

Mwese hatukufika. Upande wa Kabungu, pembeni ya shamba la mtu, mweusi akaanza kutoa machozi, manyoya yakamsimama, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Wiki ya tatu alilala, hakuinuka. Watoto walimla kwa furaha, ndiyo nyama pekee ya mwaka ule. Mimi nilirudi kwenye michembe yangu.

Maksai mmoja havuti nyumba. Anazunguka kama mlevi. Na mwenye shamba alikuja kila asubuhi: "Bibi, mvua hizo zinakuja. Nipishe nilime."

Ndipo akaja mzee mmoja akiswaga maksai mwekundu, amenona. Mtoto wake ndiye aliyemzalisha binti yangu marehemu bila kutoa mahari. Kwa mila yetu, watoto wa hivyo ni wa upande wa mama mpaka upande wa baba uwakomboe kwa ng'ombe.

"Mkwe, hujambo?"

"Mkwe gani? Hata mkia wa ng'ombe hujaleta kwangu."

"Si ndiyo nimeleta? Mkia na ng'ombe wake." Akacheka peke yake.

Alimtaka mjukuu wangu mkubwa, msichana wa darasa la sita. Wadogo zake watatu, damu ileile, hakuwauliza hata wamekula nini. Alimwangalia kama watu wanavyokagua nundu mnadani. Nilijua: anamkomboa kwa maksai mmoja, anamuoza kwa zizi zima.

"Simtoi," nilisema. "Hata nyumba hii iozee hapa na mimi ndani yake, simtoi."

"Mayu, kiburi hakivuti mkokoteni."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Msichana akasogea, ameshakunja gauni lake la shule. "Bibi, niende tu. Nyie mtahama."

Nilimpiga kofi. La kwanza tangu mama yake afe. Halafu nikalia mbele ya yule mwanaume, na hilo sijajisamehe. Aliondoka na ng'ombe wake.

Kesho yake nilifunga maksai upande wa kulia wa nira, upande wa kushoto nikaweka bega langu. Watoto wakasukuma nyuma. Wapita njia wa pikipiki walisimama kutupiga picha. "Bibi, umekuwa trekta!" Mpaka jua la utosi tulikuwa tumevuka shamba tu, tukafika kando ya barabara. Bega lilichubuka, maksai akapiga magoti, na gurudumu moja likazama. Hapo tukabaki, michembe imeshuka chini ya nusu gunia.

Baada ya siku nne, mwendesha pikipiki akaleta salamu: mzee anakuja Jumapili, safari hii na maksai wawili. Msichana alikuwa anasonga nywele za mdogo wake. Mikono yake ikasimama. Alinitazama, akalitazama gurudumu.

Nikamwambia yule wa pikipiki arudi na jibu langu, na asipunguze neno.

"Simtoi. Hata nyumba hii iozee hapa na mimi ndani yake, simtoi."