Lori la Chumvi Kwenye Kinamasi cha Nateete

Niliondoka Changamwe kwa sababu moja tu: hakuna dereva mwingine aliyekubali kwenda. Shule moja ya misheni ng'ambo ya Nateete, pembeni mwa Kampala, ilikuwa imeagiza magunia themanini ya chumvi, na miaka ile ya utawala wa jeshi madereva wengi wa pwani walikuwa wameapa kutovuka mpaka wa Malaba. Mimi nilikuwa na lori langu mwenyewe, la kwanza na la pekee maishani, na kichwa kigumu. Nikamchukua msaidizi wangu Kombo, mtu mzima kunizidi, tukatoka Jumatatu alfajiri.

Jumatano asubuhi tuliingia Kampala. Maduka yalikuwa wazi lakini rafu tupu. Soko la Nateete lilijaa ndizi za matoke, ila chumvi hakuna hata ya kuonja, na watu walilitazama turubai letu mara mbili mbili. Mbele kidogo barabara ikawa nyembamba, tuta la udongo mwekundu lililopita katikati ya kinamasi cha mafunjo. Hapo gari la jeshi likatutokea mbele kwa kasi. Zama zile mtu habishani njia na gari kama hilo. Nikapisha, ukingo ukabomoka, na matairi ya nyuma yakazama mpaka kwenye ekseli.

Sajini akashuka, akazunguka lori, akainua ncha ya turubai.

"Chumvi," akasema. "Sikia, dereva. Saa kumi mimi narudi na gari kubwa. Kama hii iko bado hapa, jeshi navuta yeye. Na gari jeshi navuta, hiyo ni ya jeshi."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Lile lori lilikuwa jasho langu la miaka kumi na moja, na sajini alikuwa ameshalihesabu kuwa lake.

Nilimwacha Kombo akililinda, nikapakiwa kwenye baiskeli ya mpita njia. Saa tano nilikuwa Katwe, ambako ukikosa kitu cha chuma basi hakijatengenezwa duniani. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja aliyeitwa Salongo, jina ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Bila kusalimia vizuri nikakamata mnyororo mnene kuliko yote, unaong'aa. Salongo akaninyang'anya, akaugonga kwa nyundo pete moja baada ya nyingine. Zikalia vizuri, mpaka moja ikatoa sauti ya chungu kilichopasuka.

"Nasikia, ssebo, bwana? Hii nafunga mlango ya duka. Gali, hapana."

Kisha akaanza kunihoji. Limezama kiasi gani? Lina mzigo? Kuna mti karibu wa kufungia? Hasira zikanipanda.

"Nimekuja kununua, sikuja kufanya mtihani!"

"Kale, sawa," akasema akicheka. "Lakini kama hujui gali nakaa namna gani, mimi nakupa nini?"

Ikabidi nijibu. Ndipo akanichagulia mwenyewe: winchi ya mkono, kapi moja zito, mnyororo mweusi usiopendeza lakini uliolia vizuri kila pete, na waya wa chuma alioupangusa kwa kitambaa mwanzo mpaka mwisho, ili kama kuna uzi uliokatika unase. Wala hakuniamini navyo. Alivipakia kwenye pikapu ya shemeji yake akaja navyo.

Saa saba tulianza kazi. Mti haukuwapo, mafunjo tu. Tukachimba shimo kwenye udongo mgumu mbele ya lori, tukalifukia tairi la akiba likiwa limezungushwa mnyororo, tukashindilia. Hiyo ndiyo ikawa nanga yetu. Winchi tukaifunga kwenye nanga, waya ukaenda hadi kwenye kapi tulilolifunga mbele ya lori, kisha ukarudi kwenye nanga, maana ukiuzungusha hivyo nguvu ya mkono huongezeka maradufu. Salongo akatupia gunia lililolowa juu ya waya. Ukikatika, uzito wa gunia utauangusha chini usije ukatuchapa. Watazamaji tukawafukuza wakae mbali.

Tukavuta. Waya ukalia, lori likakataa katakata, na nanga ndiyo ikaanza kung'oka.

"Teremsha mzigo," akasema Salongo.

"Sitaki!"

Chumvi, kando ya barabara, mbele ya mji mzima uliokosa chumvi! Afadhali nivunje winchi. Lakini mpishi mkuu wa shule, Mama Federesi, alikuwa amesikia habari na ameshateremka kutoka shuleni kilimani na kundi la wazazi, akanisimamia mbele mikono kiunoni.

"Bwana deleva, unaogopa hawa? Watoto yao nakula kwangu. Hiyo chumvi ni ya watoto yao!"

Nikatazama saa. Saa nane na nusu. Nikakubali, shingo upande.

Magunia yakaondoka vichwani, mabegani na juu ya baiskeli, yakapotea kilimani moja moja. Kombo alitaka kuyafuata, nikamwambia achimbe. Tukaondoa matope mbele ya matairi, tukaliinua lori kwa jeki iliyokalia ubao, tukatandika mafunjo chini ya matairi, kama wenyeji wanavyotandika wanapovuka kinamasi kwa miguu. Nanga tukaifukia upya, chini zaidi. Nikashika usukani, wengine wakashika winchi.

"Polepole!" akapaza sauti Salongo. "Gia ya kwanza! Kweri, polepole!"

Lori likatikisika. Likapanda nusu hatua, likatulia, likapanda tena. Halafu matope yakaachia kwa mlio mkubwa, na lori langu likasimama juu ya barabara, chafu, zima! Vigelegele vilisikika mpaka sokoni, nadhani. Nilimkumbatia Salongo mpaka akalalamika.

Saa kumi kamili sajini alirudi na gari lake kubwa.

"Nani navuta hii?"

Mama Federesi akajifuta tope usoni.

"Sisi, afande."

"Sisi," akasema Salongo. Na nyuma yake wengine, mmoja mmoja: sisi, sisi, sisi. Sajini akatazama shimo, akatutazama mikono, akapanda gari lake akaenda zake.

Shuleni nilikuta magunia yote themanini yamepangwa stoo. Nililia mbele za watu na sioni haya kusema.

Alhamisi tulishika njia ya kurudi, Kombo akiimba tangu Jinja mpaka mpakani. Jumamosi nilipomsimulia mke wangu kwamba niliwapa chumvi watu nisiowajua hata majina, aliacha kuchambua mchele.

"Wewe? Usiyemwazima jirani hata koleo?"

Nikasema ndiyo, mimi. Kisha nikalichukua koleo, nikalipeleka kwa jirani kabla hajaomba.