Dawa ya Benchi na Gauni la Mama Mkwe

Afadhali nisimulie mwenyewe, maana aibu hii imeshazunguka mtaa wetu wote wa Mbotela ikiwa na chumvi ambayo sikuitia mimi.

Mama mkwe alikuwa anakuja kwangu mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, na kwetu sisi Waluhya mama wa mke haketi ndani kwa mkwewe (wala mkwe hamkaribii), kwa hiyo heshima yote ya siku ile ilikuwa juu ya benchi la nje, ambalo mchwa walikuwa wameanza kulila. Nilisoma wiki nzima kuhusu dawa za mbao, nikaandika daftarini: oili chafu ya gari haikauki, isitumike kwenye kiti. Niliandika hivyo kwa mkono wangu! Nikaenda dukani kutafuta dawa halisi, na kosa langu lilikuwa moja tu: badala ya mkebe uliofungwa, nilikubali ya kupima, kama tunavyopimiwa mafuta ya kupikia.

"Ni ileile ya mkebe, mzee wangu," muuzaji aliniapia. "Ukipaka asubuhi, jioni unalalia."

Nilipaka Alhamisi. Jumamosi asubuhi nikapitisha kidole, kikatoka kikavu, nikajipongeza. Kumbe yule bwana alikuwa ameichanganya na oili chafu, na oili hujificha ndani ya mbao wakati wa baridi, jua likiwaka inatoka kama jasho.

Mama mkwe alifika na gauni lake jeupe la kanisa, akaketi, jua likawaka, tukaongea vizuri kwa mbali, kisha akainuka kwenda kuwasalimia akina mama waliokuwa wakichota maji. Nyuma alikuwa na mistari miwili mipana, myeusi tii.

Mke wangu alikuwa ametoka kununua maziwa. Sasa mimi, mkwe, nitamwambiaje mama mkwe habari za makalio yake? Nikachukua sinia, nikamfuata unyounyo nikimkinga, jambo lililokuwa baya kuliko mistari yenyewe.

"Cheki buda anamfuata mathe wa bibi yake na sinia!" kijana mmoja akapiga kelele kwa Sheng, buda akiwa mimi na mathe akiwa mama mkwe.

Mama mkwe akageuka. "Baba Neema, kulikoni?"

"Samahani mama, ni dawa. Dawa imekushika huko nyuma."

"Dawa?" Akarudi hatua tatu. "Umeniwekea dawa kwa kiti?"

"Ilikuwa ya mchwa, mama!"

"Kwa hivyo mimi ndiye mchwa?"

Akina mama wakaweka ndoo chini wasikilize vizuri. Mke wangu alipofika alimfunga leso kiunoni kuficha mistari, lakini mama mkwe aliondoka bila kuonja chochote, kuku mzima akabaki mezani. Hadi leo kuna majirani wanaoniita Daktari.

Nilirudi dukani nikichemka. Muuzaji hata hakuinuka: "Mzee, si wewe ndiye ulitaka ya kupima?" Upuzi gani huo! Kwani kupimiwa ni kibali cha kudanganywa?

Mke wangu amemweleza mamake kwa simu, naye amesema atakuja tena, ila atasimama. Basi nimeapa: benchi lolote nitakalopaka nitalikalia mwenyewe kwanza, mchana kutwa, nikiwa na suruali nyeupe. Suruali nimeshanunua.