Sabuni ya Kunusa Vizuri

Mtaani walimwita Mama Povu, naye hakujali. Alipika sabuni ya maji ya kuogea katika chumba cha nyuma, madirisha wazi, kitambaa kimefungwa puani, na alikuwa na utani kiasi kwamba hata mumewe hakujua lini anasema kweli.

Biashara ilipochangamka, akataka lebo za Kiingereza. Akaandika mwenyewe: *Wash and smell good*, yaani oga unukie. Kabla hajazipeleka kuchapwa, wifi yake akazitupia jicho. Wifi huyo alifundisha Kiingereza, na kosa la sarufi lilimuuma kuliko jino bovu.

"Wifi, utatuaibisha! *Smell* ni kitenzi, na kitenzi kinataka kielezi. *Good* ni kivumishi. Andika *smell well*."

"Kielezi ndio nini tena?"

"Kinachoonyesha tendo limefanyikaje. Mtu haimbi 'mzuri', anaimba 'vizuri'."

Mama Povu akafuta *good*, akaandika *well*. Lebo zikachapwa vivyo hivyo.

Siku chache baadaye akaja mpishi wa hoteli ya jirani, macho mekundu, pua imeziba kwa mafua, chupa mkononi.

"Mama, dawa yako ni ya uongo! Naoga asubuhi na jioni, lakini hata kitunguu kikiungua sijui."

"Dawa? Mimi nauza sabuni."

"Si umeandika hapa nitanusa vizuri?"

Wifi, aliyekuwa akinywa chai barazani, alikuwa ameshafungua mdomo kuitetea sarufi yake. Akaufunga. Akaichukua chupa, akaisoma kimoyomoyo. Kunusa. Kunukia. Sisi tuna maneno mawili, Kiingereza kinayabeba yote kwa *smell*. Pua ikifanya kazi, hapo kuna tendo, na *well* inastahili. Lakini mtu akinukia hafanyi lolote. Anayesifiwa ni yeye mwenyewe, kwa hiyo ni *good*. Chai ikampalia kwa kicheko.

"Wifi, nimekuponza!" akasema akijipangusa machozi. "Ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

"Mimi? Sijui hata kielezi ni mdudu gani," akajibu Mama Povu, na kwa uso mkavu akamgeukia mpishi. "Samahani, baba. Nilikupa chupa isiyokolea. Ngoja."

Akaingia ndani, akamimina mafuta ya mkaratusi bila huruma, akatikisa. "Ogea maji ya moto, uvute pumzi."

"Wewe mwanamke!" wifi akamnong'oneza.

"Lebo ni zako. Mimi nazitafutia sabuni."

Kesho yake mpishi akarudi, pua imezibuka, uso umekunjamana.

"Nanusa, mama. Nanusa kila kitu. Jiko letu linanuka vibaya mno! Una ya kusugulia sakafu?"

Alikuwa nayo. Tangu hapo sabuni zake zikawa na lebo za aina mbili: ya mkaratusi ikabaki na *well*, nyingine zote zikapata *good*, na wifi ndiye aliyezibandika, moja moja, akilalamika kuhusu gundi.