Kambare wa Wakwe

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya lambo letu la Mbalibali asubuhi, kabla ng'ombe hawajafika: tope lililotulia, majani yanayoozea pembeni, na mavi ya ng'ombe wa jana yaliyolowa umande. Najua wapo watu ambao utoto wao unanukia maandazi ya moto. Wangu unanukia hivyo, na sioni aibu. Lambo lile lilichimbwa kwa ajili ya mifugo, na mifugo ndiyo iliyolitumia. Samaki walikuwamo, lakini hakuna aliyejua wamefikaje. Wengine walisema waliletwa na mafuriko, wengine na miguu ya ndege. Wala hakuna aliyejisumbua kuwavua. Sisi ni watu wa ng'ombe, na machoni petu samaki alikuwa chura aliyeendelea kidogo. Baba yangu, Mzee Marwa, alikuwa na msimamo mkali zaidi. Alisema mnyama asiyekamuliwa, asiyelia, na asiyeitika jina lake, hana sababu ya kuwapo duniani.

Basi Mungu naye ana utani wake. Mwaka ule, mvua za vuli zilipoanza, dada yangu Ghati alipata mchumba, na mchumba mwenyewe alikuwa Mjaluo. Jina lake Otieno, mwalimu kijana aliyepanga chumba Issenye, mpole, mwenye baiskeli safi kuliko sahani zetu. Kwao ni Rorya, ziwani kabisa, mahali ambapo mtoto huanza kula samaki kabla hajaota meno. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyesimamia posa alikuwa baba yake mdogo, Mzee Odero. Mzee huyo alimpigia baba simu kumwambia kwamba wangekuja kuzungumza habari za mahari, na kwa roho safi akaongeza kwamba wangebeba samaki wao wa kutosha, maana alijua huku kwa wafugaji ni maziwa na nyama tu.

Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, na nyumba nzima ilisikia. Nilimwona baba akinyooka pale kwenye kigoda. Kwetu mgeni kuja na chakula chake ni sawa na kukuambia kwamba boma lako lina njaa. "Mkwe," baba akasema, "njooni mikono mitupu. Samaki tunao. Mtakula samaki wa kwetu mpaka mshindwe kusimama."

Ulimi hauna mfupa. Simu ilipokatika, mama aliuliza taratibu, "Baba Ghati, samaki gani?" Baba akaelekeza fimbo lambo lilipo, kana kwamba walikuwa wamepangwa kule kwenye rafu za duka. Ghati alikimbilia jikoni kulia. Alijua kwamba baba akiaibika mbele ya wakwe hatakubali kuonana nao tena, na posa ingefia hapo hapo. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na nilimpenda dada yangu kuliko kitu chochote, hata kuliko ndama wangu Kijivu. Jioni ile nilimwombea samaki kwa Mungu badala ya mkate wa kila siku.

Kesho yake baba akaingia kazini. Alimwagiza fundi wa majembe amtengenezee ndoana kwa spoku ya baiskeli, na fundi, ambaye naye hakuwahi kuona ndoana, akatengeneza kitu ambacho ungeweza kutundikia mguu wa ng'ombe. Mshipi ulikuwa kamba ya katani, ile ile ya kufungia ndama. Chambo ni pande la nyama la kumshibisha mtu mzima. Wakati alioutumia ni saa sita mchana, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kunywesha, na baba hakuona kwa nini samaki wawe na ratiba nyingine. Ng'ombe wote walikuwa majini, maji yamegeuka uji wa ulezi, na baba amesimama ukingoni akipiga mluzi ule mrefu wa taratibu ambao wachungaji humpigia ng'ombe ili anywe kwa utulivu. Ng'ombe walitulia kweli. Samaki hawakutokea.

Siku iliyofuata alimwaga chumvi ya mifugo pembeni mwa maji. Alituambia kwamba hakuna kiumbe anayekataa chumvi. Mbuzi wa jirani walikuja wote, wakailamba pamoja na tope, wakamfuata baba mpaka nyumbani. Aliposhindwa kabisa alianza kuwagombeza. "Mura!" alipiga kelele kuelekea majini, akiwaita kama anavyoita vijana waliokwisha kutahiriwa lakini hawana adabu. "Mura, toka nikuone!" Wachungaji wenzake walikaa upande wa pili wakiwa wameshika mbavu. Mimi nilikaa upande wa baba, lakini nakiri kwamba nilikuwa nimejiziba mdomo kwa gauni.

Siku za wageni zilipokaribia, mama alinigusa bega alfajiri akaniambia tutoke. Mama alizaliwa karibu na Mto Mara, kule upande wa Kewanja, na utotoni alivua pamoja na kaka zake. Alipoolewa huku aliiacha habari hiyo mtoni, maana mashemeji wangemcheka. Sasa akakata ufito mrefu wa mti, laini nchani. Alitoa mshipi wa nailoni na ndoana ndogo aliyoinunua dukani Mugumu, eti kwa kisingizio cha sindano ya magunia. Kipande cha kandambili kuukuu kikawa boya, na nati ya baiskeli ikawa uzito wa kuzamisha. Chambo tulikichimbua chini ya lundo la mavi ya ng'ombe lenye unyevu, nyungunyungu wanene, wekundu, wenye hasira. "Kila kitu kipo hapa bomani," mama akasema, "ni macho tu ya baba yako."

Asubuhi ile ndiyo niliyojifunza kuvua, na mpaka leo sijapata mwalimu mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo usiku, upepo hakuna, na kijito kilikuwa kikiingiza maji mapya kwenye kona moja ya lambo. Mama hakwenda katikati kwenye kina. Alikwenda pale pale konani, penye majani na tope, akaniambia kwamba kambare hukaa mlangoni kama mlafi wa harusini, anasubiri kinachoingia. Kivuli kisianguke majini. Miguu isikanyage kwa kishindo. Boya likitetemeka, acha, huyo ni mdogo anaonja. Likizama lote, hesabu pumzi moja kisha vuta. Nilitetemeka kuliko boya.

Tulianza na perege wadogo, wanang'aa magamba, wanene kiasi cha kiganja. Nilirukaruka kwa furaha. Ndipo baba alipotokea na mswaki mdomoni, akawaangalia perege wetu ndani ya beseni, akanuna. "Hawa ni ndama," akasema. "Mgeni wa heshima haonyeshwi ndama." Akawarudisha majini wote, mmoja mmoja, kwa upole wa mtu anayerudisha watoto kwa mama yao. Mama alinitazama. Mimi nikatazama juu mawinguni. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini tende ya baba ilikuwa bado haijaanza kuuma.

Hapo ni lazima nieleze kwamba kwetu mgeni mkubwa haletewi tu nyama kwenye sahani. Mnyama huletwa kwanza mbele yake, akiwa hai, amefungwa kamba. Mgeni humtazama, humgusa mgongoni, hushukuru, ndipo kisu kinapofanya kazi. Nyama ya mnyama ambaye hukuonyeshwa ni kama salamu ya mtu aliyegeuka pembeni. Kwa hiyo baba hakutaka samaki tu. Alitaka samaki wa kuonyeshwa.

Naye alipatikana. Boya lilizama bila salamu, ufito ukapinda mpaka majini, na mama akanipokonya akarudi kinyumenyume akivuta bila haraka, akilegeza pale mnyama anapotaka kukimbia na kukaza pale anapochoka. Baba aliingia majini na suruali yake akamkumbatia. Alikuwa kambare mweusi, mrefu kama mkono wangu, ana sharubu za hakimu na ngozi tupu inayoteleza. Mama alipitisha kamba laini mdomoni ikatokea kwenye shavu, akamfunga kwenye kigingi kilichokitwa pembeni mwa maji, apumue humo mpaka siku ya wageni. Baba alisimama akimtazama pale kambani, amelowa, mwenye furaha. "Kumbe naye anafungwa," alisema. Tangu hapo alikuwa akipita kumjulia hali kila anaponywesha ng'ombe, na nilimsikia akimsifia mgongo.

Wageni walifika Jumapili, wazee watatu na shangazi mmoja mwenye kitambaa cheupe, na Otieno nyuma yao akitoka jasho. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Baba akatoka. Akarudi akiwa amenyooka, ameshika kamba mkono mmoja, na nyuma yake mimi na mama tumebeba beseni la maji, na ndani ya beseni kambare, kamba ikimtoka mdomoni. Akamweka miguuni pa Mzee Odero. "Mkwe," akasema kwa sauti ya mikutanoni, "mnyama wenu huyu hapa. Mwangalieni."

Watu wale walikuwa wamekula samaki maisha yao yote, lakini nadhani hawakuwahi kutambulishwa kwa hata mmoja. Mzee Odero aliinama. Akatazama kambare, akatazama kamba, akamtazama baba. "Yawa, jamani!" alisema shangazi, akajifunika mdomo na kitambaa. Kisha mzee mmoja akamnong'oneza Odero, na Odero akakohoa. "Mkwe wangu," alianza kwa huruma, "sisi ni Wasabato. Samaki asiye na magamba hatuli. Dini yetu imekataza."

Ghati alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alijua fika kwamba wakwe zake ni Wasabato, hawali nguruwe, hawanywi pombe. Habari ya magamba haikuwahi kupita masikioni mwake, maana kwetu nani angemuuliza samaki kama amevaa? Aliliweka sinia chini. Mimi niliwakumbuka wale perege na magamba yao mazuri, nikamwona mama anawakumbuka pia. Uso wa baba ulikuwa umekwisha kabisa, na mkono ulioshika kamba ulikuwa unashuka taratibu. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia baba yangu dakika ile.

Mzee Odero aliitazama ile kamba ikishuka. Nafikiri ndipo alipoelewa. "Nimeambiwa kwenu mnyama akionyeshwa mgeni, ni wa mgeni," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli," baba akajibu.

"Basi huyu ni wangu." Akainama kwa shida, magoti yakilia, akamgusa kambare mgongoni, akajipangusa ute wa samaki kwenye suruali yake nzuri. "Asante. Ila sitaki achinjwe leo. Nyumbani sina malisho. Nakuachia unichungie."

Lazima uwe mfugaji kujua alichokifanya. Ukimwachia mtu ng'ombe wako akuchungie, umemfanya ndugu. Hamwezi tena kugombana, maana mali yako inalala kwake. Baba alinyooka tena pale pale. Alimwita kijana achinje mbuzi, wageni wakala mpaka jioni, na mahari ikapatana bila mtu kupandisha sauti. Kabla hawajaondoka, sote tulikwenda lamboni kwa msafara. Baba akafungua kamba, akamwachia mnyama wa mkwe wake, akampigia mluzi wa kunyweshea. Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa Ghati, ambaye alicheka huku analia.

Miaka yote iliyofuata, Mzee Odero akipiga simu aliuliza habari za binti, za mvua, kisha, "Na mnyama wangu?" Baba alijibu kwa uzito ule ule wa kutoa habari za ng'ombe: amenenepa, au mwaka huu malisho ni haba. Hakuna aliyewahi kutabasamu kwenye simu ile. Nilisikiliza sana.

Leo lambo limejaa tope nusu yake. Samaki wa ziwani hufika kwetu kwa bodaboda, kwenye ndoo za barafu, na hata baba hula, mradi awe na magamba. Mimi ninaishi Mwanza, nina fimbo ya kuvulia ya dukani yenye gurudumu la mshipi na chambo cha plastiki kinachomeremeta. Mwaka jana Mzee Odero alipofariki, baba alinipigia akaniambia nije na fimbo hiyo. Mwenye mali akifa, alisema, mali hurudishwa kwa watoto wake. Nilivua kutwa nzima na plastiki yangu, sikupata hata chura. Kesho yake alfajiri mama, sasa anatembea kwa mkongojo, alikuja na ufito na nyungunyungu, akakaa konani, na kabla jua halijapanda akavuta kambare mweusi mwenye sharubu. Sote tulijua si yule. Baba alisema ni mjukuu wake, tukaliacha hivyo.

Msibani Rorya, mbele ya waombolezaji wote, baba aliweka ndoo miguuni pa mtoto mkubwa wa marehemu. "Nimeleta mnyama wa baba yenu," akasema. "Nilimchunga." Watu waliokuwa mbali walinyanyuka kuchungulia. Ghati, mama wa watoto wanne sasa, alijifunika kanga usoni, mabega yakitikisika, nisijue analia au anacheka. Yule mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, aliinama akamgusa kambare mgongoni.

"Amenenepa, mzee," akasema. "Rudi naye. Endelea kutuchungia."

Hapo ndipo nilipomwona baba yangu akilia mara ya kwanza maishani mwangu. Njia nzima ya kurudi Mbalibali aliishika ile ndoo katikati ya miguu yake, na barabara ilipokuwa mbaya, maji yakirukaruka, alikuwa akiinama na kumpigia mluzi mrefu wa taratibu, ili atulie.