Baba Anauliza Maana ya "Breadwinner"

Harufu ya pumba za mchele ndiyo iliyotuamsha mwaka ule niliposoma darasa la sita, Buhongwa. Kabla jua halijachomoza vizuri, mama alikuwa ameshakaa uani na ungo wake, akipepeta mchele wa kuuza alioufuata Magu, na vumbi lake jepesi likaingia mpaka kitandani kwetu. Baba alikuwa jikoni akipuliza moto. Zamani alikuwa utingo wa lori la pamba. Siku moja mzigo ulimwangukia, mguu wa kushoto ukavunjika vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa magongo. Yeye ndiye aliyetupikia uji, akatufulia sare, akamsuka mdogo wangu nywele kwa mistari iliyopinda kidogo. Watu wa mtaani walimsalimia kwa adabu, kisha wakishapita, wanacheka.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Koku, alikuwa mama wa Kihaya mwenye sauti ya taratibu. Alipenda maneno yaliyoungwa kutokana na mawili. Aliyaandika ubaoni, akayakata katikati kwa chaki, tukaona kila kipande. Siku ile aliandika "breadwinner". "Bread" ni mkate, "winner" ni mshindi. Mimi nikawaza mtu aliyeshinda mkate kwenye mbio, na kwetu mkate wenyewe tuliuona Krismasi. Siku nyingine tulikula michembe, viazi vikavu vya kuchemsha. Mwalimu alicheka alipotuona tumeduwaa. "Msitafsiri kipande kimoja kimoja," alisema. "Ni yule ambaye nyumbani mnakula kwa jasho lake." Akataka kila mmoja atunge sentensi. Jibu la kwetu nililijua vizuri. Lakini mwenzangu wa dawati alikuwa akichungulia, nami nikaandika kwamba baba yangu ndiye "breadwinner" wa familia yetu. Nikapata vema.

Jioni baba alikagua madaftari kama kawaida yake. Kiingereza hakukijua, ila neno "father" alilitambua. "Hapa umeniandika nini, mwanangu?" Nikamweleza huku nikiangalia chini. Alilishika daftari lile mpaka maharage yakaanza kuungua, naye hakuwa mtu wa kuunguza chakula. "Mama yako yuko barabarani anauza mchele tangu asubuhi, na wewe umemfuta," alisema hatimaye. "Mimi sihitaji kupewa jina lake."

Asubuhi alifuatana nami shuleni, mwendo wa nusu saa ambao kwa magongo ulichukua karibu saa nzima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alisimama mlangoni mwa darasa akitokwa jasho. Tukainuka wote: "Shikamoo!" "Marahaba, wanangu." Kisha akamgeukia mwalimu. "Samahani, mwalimu. Mtoto amekosea sentensi kwa ajili yangu. Kwetu anayetulisha ni mama yake. Mimi napika." Nyuma wakaanza kucheka. Baba aliwatazama bila hasira. "Tena napika vizuri," akaongeza, na hapo hata waliokuwa wakimcheka wakajikuta wanacheka naye. Mwalimu Koku aliniita ubaoni niandike upya. Nikaandika "mother", na baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesoma.

Leo nafundisha Kiingereza sekondari, upande wa Nyegezi. Wanafunzi wangu hutafuta maana kwenye simu wakiwa nyumbani, wakaipata mara moja, wakaendelea na mengine. Lakini nikifika kwenye neno hili huwasimamisha, nikawauliza kwao ni nani. Juzi mvulana mmoja alisema ni dada yake, fundi cherehani. Mwingine akasema ni bibi. Hakuna aliyeinua kichwa kushangaa. Nilifurahi, halafu nikaona wivu kidogo kwa niaba ya baba. Jambo wanalolisema hawa huku wakichonga penseli, yeye alilisema akiwa amesimama peke yake mbele ya darasa linalomcheka.