Kondoo Chali wa Kilima cha Harl

Ukungu bado haujaamua kama uondoke au ukae, na Lorna Stickland ameshafika robo ya kilima cha Harl, fimbo mkononi, mbwa wake Nip mbele. Goti lake la kulia, lililopasuliwa mwezi Juni, linalalamika kila hatua. Yeye pia analalamika, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kilima hiki kinakua," anasema. "Walinzi wa hifadhi wanahesabu vipepeo kila mwaka. Kwa nini hawapimi na urefu?"

Ghafla anasimama. Juu, karibu na uzio, miguu minne imeelekea mbinguni kama ya meza iliyopinduliwa.

Kondoo kalala chali.

Kwa mgeni, hicho ni kichekesho. Kwa Lorna, mfugaji mwenye umri wa miaka 61, ni msiba unaoanza. Kondoo jike mwenye mimba, manyoya yakiwa mazito kwa mvua, akijiviringisha kujikuna mgongo anaweza kushindwa kugeuka. Tumbo linajaa gesi na baada ya saa chache anakufa. Majira ya baridi yaliyopita, Lorna alipoteza watatu kwa njia hiyo, wote mchana kweupe.

Ndiyo maana leo ni siku nzito. Mchana huu anatakiwa kuwapa walinzi jibu: kondoo wabaki kilimani hadi Machi, au awashushe wote bondeni? Zamani alipanda kuwakagua asubuhi na jioni. Sasa goti linamruhusu mara moja tu.

Akiwashusha, hakutabaki wa kula machipukizi, na vichaka vya miiba vitameza mteremko ambao maua yake ya kiangazi ndiyo sababu ya kilima kulindwa. Mashine ya kukatia nyasi haipandi kule. Ilijaribiwa mara moja, ikarudi kijijini yenyewe, bila dereva.

Cha kushangaza ni kwamba njia ya kilimani haikosi watu. Nusu ya kijiji cha Overcott hupita pale na mbwa wao. Walipita hata siku wale watatu walipokufa.

"Sisi tuna adabu kupita kiasi, shida yetu ndiyo hiyo," anasema Maureen Hibberd, mwenye baa pekee ya kijiji. "Huku mtu akianguka barabarani, tunamuuliza kwanza kama amekusudia."

Muulize Desmond Trowle, karani mstaafu wa reli. Alipita kando ya kondoo wa tatu, hatua chache tu.

"Nilimwona," anasema. "Nikamwambia habari za asubuhi, nikaendelea. Mali ya mtu, nianze kuishikashika?"

Lorna hajamsamehe. "Mnyama anakata roho, Des, wewe unamsalimia!"

"Ningepita kimya ungesema sina adabu."

Wiki iliyopita Lorna aliamua kijiji kizima kiende shule. Darasa likawa baa. Desmond, kwa kosa lake, akalazwa chali juu ya zulia awe kondoo.

"Shika manyoya ya begani na ya kiunoni," Lorna akafundisha. "Mvute kwako mpaka asimame. Halafu usimwachie! Kichwa kinamzunguka, ataanguka tena. Mshikilie mpaka atulie."

Maureen akashika sweta, akavuta. Desmond hakusogea.

"Shoga, huyu kashiba keki," Maureen akahema.

"Mwacheni," sauti ikatoka kaunta. "Huyo hata mnadani hapati mnunuzi."

Watu walicheka hadi bia ikamwagika. Ila Lorna alirudi nyumbani bila imani. Kucheka wamecheka, alisema, lakini nani atamgusa kondoo wa mwenzake?

Na sasa yuko robo ya kilima, goti limekataa kuharakishwa, na miguu ile minne imeanza kupunga hewani polepole.

Mtu anatokea kwenye ukungu. Koti la mvua, kofia ya sufu. Ni Desmond. Anasimama mbele ya kondoo, mikono mifukoni.

"Des! Mgeuze!" Lorna anapiga kelele. Upepo unayachukua maneno upande wa pili.

Desmond anatazama kushoto, kulia. Anavua kofia. Anapiga magoti na kuonekana akizungumza. Kisha anashika bega, anashika kiuno, anavuta, na wote wawili wanabiringika kwenye nyasi. Wanapoinuka, amemkumbatia kondoo shingoni.

Lorna anafika akitweta. Kondoo amesimama imara, anacheua.

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Nilimwomba radhi kwanza."

Lorna anageuka kutazama bonde, akijifuta uso kwa mkono wa koti. Walinzi watapata jibu lao: kondoo wanabaki hadi Machi. Yeye atapanda asubuhi, na jioni itakuwa zamu ya wanakijiji. Mwakani anataka darasa lifanyike kabla ya mvua, na kondoo wa kweli.

"Lorna," anaita Desmond, bado kakumbatia. "Naweza kumwachia sasa?"

"Des, mpenzi wangu, yeye ndiye anayekungoja wewe."