Sahihi ya Afisa Wetu

Kabla ya kuletwa Handeni kuwa afisa wa serikali alikuwa wakili Korogwe, na uwakili haukumtoka. Kila barua aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Mzee akiingia, afisa alisimama kwanza ndipo akamwamkia. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata sisi makarani tuliacha kuchapa ili tumsikie. Siku moja tajiri mmoja alileta hati ya kumwondoa Mama Nasinkoi, mfugaji mjane, kwenye malisho yake kule Sindeni. Ilibaki sahihi ya afisa tu.

“Huyu mama amesikilizwa?” afisa aliuliza.

Tajiri akacheka. “Mheshimiwa, wewe si wakili tena. Wakubwa wameshakubali.”

“Basi wasaini wao.”

“Utahamishwa!”

“Nitahama. Lakini yeye hahami bila kusikilizwa.”

Akatoka mwenyewe barazani, alikokuwa amekaa yule mama tangu asubuhi, akamkaribisha kitini, akafungua jalada jipya na kuanza kuandika maelezo yake. Uhamisho wa afisa ulikuja kweli baada ya wiki tatu. Kufikia siku hiyo maelezo ya mama, kurasa saba zilizogongwa mhuri, yalikuwa yameshafika baraza la ardhi, na ng'ombe wake mpaka leo wanalala Sindeni.